Nukta na Koma za Merle Tunks

Merle Tunks alikuwa na sauti moja tu ya kusomea, nayo haikuwa na huruma wala furaha. Umpe habari ya mafuriko, umpe tangazo la harusi, umpe jambazi anayekata roho huku akimwita mama yake: vyote alivisoma kwa sauti ileile kavu, ya haraka, kama dalali mwenye njaa. Na kila alama iliyokuwa kwenye karatasi aliitaja kwa jina. Mgeni aliyemsikia kwa mara ya kwanza alidhani bibi karukwa na akili. Sisi majirani zake wa Erskineville, hapa Sydney, tulishamzoea.

Kazi hiyo aliianza angali msichana wa nywele nyekundu, baba yake fundi wa reli, mama yake mfua nguo za watu. Siku hizo kampuni ya Pargeter, pale Surry Hills, ilikuwa ikichapa vitabu vyembamba vya hadithi, vya kusomwa kwenye tramu na kusahauliwa kwenye kiti: wachunga ng'ombe, wapelelezi, manesi wanaopenda madaktari. Kabla kitabu hakijaingia mashineni, watu wawili walijifungia katika chumba kidogo cha prufu. Msahihishaji alikaa na prufu, yaani kurasa za majaribio zilizopigwa chapa kwa herufi za risasi, kalamu mkononi. Mbele yake alikaa mshika mswada, naye alisoma kwa sauti kile alichoandika mwandishi, neno kwa neno, alama kwa alama, ili msahihishaji aone palipopotea kitu. Merle alikuwa mshika mswada. Msahihishaji alikuwa Clarrie Tunks, kijana mrefu mwenye masikio makubwa na maneno machache.

Mle chumbani hapakuwa na nafasi ya majina marefu. Alama ya mshangao iliitwa yowe. Ya kuuliza, kiulizo. Nuktapacha ilikuwa pacha tu, na nuktamkato, maskini, waliiita nusu. Mazungumzo yalifunguliwa kwa "fungua" na kufungwa kwa "funga", na herufi kubwa ilitangazwa kabla haijafika, kama mgeni rasmi.

"Kubwa Alishuka kwenye farasi koma akatema mate koma akasema pacha fungua kubwa Leo hutoki hapa yowe funga," alisoma Merle siku yake ya kwanza, na pale kwenye yowe akapandisha sauti kidogo.

Clarrie akaweka kalamu chini. "Usiigize, bibie. Ukitia uchungu wewe, na mimi nitatia uchungu, halafu kosa litapita katikati yetu huku linatucheka."

Tangu hapo hakuigiza tena. Ulimi ulizoea, na mazoea yana taabu zake. Jumapili moja kasisi alimwomba asome kanisani. Merle akasimama mbele ya watu, kofia mpya kichwani, akatoa koma zote za aya nzima bila kuruka hata moja, na kila alipolifikia jina la Mungu akasema kwa nguvu, "Kubwa!" Nusu ya kanisa walizika nyuso kwenye vitabu vya nyimbo. Bibi kizee mmoja wa kiti cha mbele, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, aliitikia kila mara, "Amina, mwanangu, ni mkubwa kweli." Baba yake Merle alicheka hadi Jumatano.

Jambo lililomsumbua Merle katika kazi ile halikuwa alama. Lilikuwa kimya cha Clarrie. Alisoma asubuhi nzima, koo likakauka, na mwanamume yule hakusema "vizuri" wala "ahsante". Kalamu ilishuka mstari kwa mstari. Alifungua mdomo pale tu palipokosewa. Msichana akaanza kuamini kwamba anachukiwa, na siku moja akalilia chooni, akajinawa uso, akarudi kumkabili.

"Hivi mimi nasoma vibaya?"

Clarrie alishangaa kwa dhati. "Vibaya? Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema kitu! Ndiyo nauliza."

"Sasa ningesema nini," akajibu yule kijana, "na hakuna kosa?"

Ndivyo alivyoumbwa, na hakubadilika hadi uzeeni. Baadaye, walipokuwa na meza yao wenyewe, alikula nyama ya kondoo ya Merle bila kusema neno, na hivyo Merle akajua kwamba chumvi imekaa sawa. Siku chumvi ilipozidi, alisema.

Mwandishi wao mkubwa alikuwa Vern Abnett, aliyeishi juu ya duka la samaki na chipsi kule Glebe na kuandika habari za wachunga ng'ombe wa Amerika. Farasi pekee aliyewahi kumpanda ni yule wa mbao wa kwenye maonyesho. Alipiga taipureta kwa vidole viwili, sigara mdomoni, na kila aliposimama kuwasha nyingine alipachika pacha ili mkono usikae bure. Ukurasa wake ulikuwa na pacha nyingi kuliko ng'ombe.

"Vern," Clarrie alimwambia siku moja alipoleta mswada, "pacha ni mlango. Ukiufungua, msomaji anasimama, anangoja nani ataingia. Wewe unafungua milango nyumba nzima, kinachoingia ni upepo."

"Jamaa yangu, mimi nalipwa kwa neno," Vern akajibu. "Alama ni bakshishi."

"Basi bakshishi yako inamuua mtu. Huyu hapa kapigwa risasi, anakufa, na umempa nusu nne katika sentensi moja. Nusu ni ya mtu mwenye wakati. Huyu wakati kaupata wapi?"

"Alikuwa mtu wa subira," alisema Vern, akavaa kofia yake na kuondoka.

Hata hivyo Vern alikuwa nafuu. Kulikuwa na Bi Thora Gillespie, mwandishi wa manesi, ambaye wapenzi wake wakikaribiana tu zilimwagika nukta tatu tatu hadi mwisho wa mstari, na Merle alilazimika kuzitaja zote, nukta nukta nukta, nukta nukta nukta, huku Clarrie akitazama dirishani na masikio yake yakigeuka mekundu.

Bwana Pargeter mwenyewe, tajiri wao, alizichukia pacha kuliko alivyochukia chama cha wafanyakazi. Alipiga marufuku. "Msomaji wangu yuko kwenye tramu, mkono mmoja kashika kamba," alifoka. "Akiona pacha atadhani ni hesabu ya shule, atashuka! Toeni zote!" Kwa hiyo kila Merle aliposema "pacha", kalamu ya Clarrie ilichora nukta badala yake, na mambo yakaenda.

Mpaka ilipokuja hadithi ya mama wa mchunga ng'ombe. Sijui Vern aliipata wapi siku ile. Labda hata saa mbovu husema kweli. Mama yuko jikoni, anasikia hatua, anafungua. Merle akasoma kwa ile sauti yake kavu: "Kubwa Alimwona mtu wa posta pacha kofia yake ilikuwa mkononi nukta."

Halafu akanyamaza.

Clarrie akachora nukta, akangoja. Alipoona kimya kimezidi akainua macho. Msichana alikuwa mweupe kama karatasi.

"Iache hiyo," alisema Merle.

Mshika mswada hana kauli juu ya mswada. Kazi yake ni kusoma. Kusema "iache" ni kama mpiga ngoma kumfundisha bwana harusi kucheza. Clarrie hakukasirika. Aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Alipokuja wa kwetu na simu ya maandishi ya habari za Reg, nilimwona yeye kwanza. Kijana na baiskeli yake. Halafu nikaona kofia iko mkononi. Katikati ya hayo mawili kuna pahala, Clarrie, padogo sana, na hapo kaka yangu alikuwa bado mzima. Ukiweka nukta unamuua mapema. Ukiweka koma unanipitisha mbio." Reg alikuwa amefia vitani New Guinea, na Merle hakuwa amelitaja jina lake kazini hata siku moja.

Clarrie aliivuta ile karatasi karibu. Kisha akaifuta nukta yake, akaandika ukingoni kwamba pacha ibaki. Kitabu kilipotoka, Pargeter alipiga meza, akataka kujua ni nani aliyelala kazini. Clarrie akasema ni yeye. Alikatwa mshahara, na hakumwambia Merle. Merle alikuja kuambiwa na wapiga chapa.

Ikawa baada ya hapo, siku moja wakiwa katikati ya wizi wa benki, Clarrie akasema bila kuinua uso kutoka kwenye prufu: "Kubwa Merle koma utakubali kuolewa nami kiulizo."

Merle akadhani amepotea mstari. Akaitafuta sentensi ile kwenye mswada, akaipekua karatasi mbele na nyuma. "Haipo hapa," alisema.

"Najua haipo. Nimeiongeza."

"Basi imekaa vizuri," alisema Merle. "Usiiguse." Na akaendelea na wizi wa benki, ingawa anakiri kwamba siku ile alipitisha makosa mengi.

Mambo mazuri hayadumu, na ya Pargeter hayakudumu. Televisheni ikaingia majumbani, watu wakaacha kununua wachunga ng'ombe wa karatasi, chumba cha prufu kikafanywa stoo ya rangi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Clarrie alipata kazi ya kusahihisha vitabu vya simu, kazi isiyo na yowe hata moja, na Merle akamlea binti yao, Glenys. Jioni, vyombo vikishaoshwa, walikaa pande mbili za meza ya jikoni na kitabu cha zamani, mmoja akisoma, mwingine akifuata, koma na nukta na yote, kwa raha zao tu. Majirani walisikia mayowe na pacha zikipita ukutani. Wengine hukumbuka ujana wao kwa dansi; wale wawili walikuwa na hilo.

Kisha kiharusi kikamkuta Clarrie bustanini, kwenye nyanya zake. Alirudi kutoka hospitali na mkono mmoja unaofanya kazi, na mdomo ambao haukutoa kitu. Madaktari walisema maneno yamefutika. Merle alimwogesha, akamlisha, akamkalisha kwenye kiti cha barazani. Mchana alimsomea kwa namna yao, kwa kuwa hakujua namna nyingine. Clarrie alikaa kimya, macho yamefumba nusu.

Merle alianguka bafuni akimwinua, akaumia nyonga. Glenys, aliyekuwa akiishi Penrith na kufanya kazi ya bima, akaja na uso wa mtu aliyeshaamua. Nyumba ya wazee moja huko kwao ilikuwa na chumba kilichoachwa wazi, na walitaka jibu Jumatatu.

"Mama, utakufa wewe kabla yake. Na unamtunza nani? Baba hayupo tena. Lililobaki ni koti."

Merle alijibu vibaya, nami sitayaandika aliyoyasema. Lakini akabaki na hofu moja: je, kama binti yake anasema kweli? Nyonga ilimuuma, nguvu zilimwishia. Kama Clarrie yumo mle ndani, angemshikilia hata kwa meno. Kama hayumo, hakujua anashikilia nini.

Siku mbili tatu kabla ya Jumapili alikuwa akisoma pale barazani, hadithi ya wizi wa treni, inzi akamwingia mdomoni. Inzi wa Sydney hawana adabu, hasa msimu wa joto. Merle akakohoa, akatema, akadaka sentensi alipokumbuka na kuendelea.

"Koma," ilisema sauti kutoka kwenye kiti.

Ilikuwa nzito, imekwaruzika, lakini ilikuwa ya Clarrie. Merle akatazama ukurasa. Kweli, alikuwa ameiruka koma. Alirudia sentensi, akaitia. Mzee akafumba macho, ametosheka. Merle alicheka, akalia, akamrukia na kumbusu kichwa, halafu akakimbilia simu na nyonga yake hiyohiyo mbovu.

"Mama," alisema Glenys upande wa pili, na kushusha pumzi, "hata kasuku husema."

"Njoo Jumapili usikie mwenyewe!"

Jumapili Glenys alikuja. Walikula nyama ya chumvi kwa mchuzi mweupe, wakahamia barazani. Merle akafungua kitabu. Alipanga kuruka koma makusudi, ili Clarrie aseme, binti asikie, mambo yaishe. Akaanza. Koma ya kwanza ilipokaribia akaubana mdomo: koma ikatoka yenyewe. Akajaribu ya pili, ikatoka. Mzoea punda hapandi farasi. Miaka yote ile ulimi ulikuwa umefungwa kwenye ukurasa kama ng'ombe kwenye nira, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyosoma sawasawa. Alisoma ukurasa mzima bila dosari. Clarrie hakutikisika.

"Ngoja, ngoja kidogo," alisema Merle, jasho linamtoka. Akasoma mwingine. Kimya.

Glenys akamshika mkono. "Mama, basi. Inatosha."

"Aliongea! Naapa aliongea!"

"Nakuamini unaamini." Glenys alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Lakini hata alipokuwepo, Mama, hakuwepo. Wewe hulijui hilo? Nilimletea kila insha niliyowahi kuandika shuleni. Anaisoma, ananirudishia. Siyo 'vizuri', siyo 'vibaya'. Wenzangu baba zao walikuwa wakiwabeba mabegani. Wangu alinirudishia karatasi. Sasa wewe unataka nishangae kwamba kanyamaza?"

Glenys akachukua kitabu kutoka magotini mwa mama yake, akajifuta pua, akavuta kiti karibu na mzee. "Haya, Baba. Leo ngoja nikusomee kibinadamu, walau mara moja." Na akaanza, kwa sauti nzuri, laini, kama mtu anayemsomea mtoto kabla ya kulala. Treni ilipiga honi, majambazi wakajificha nyuma ya mwamba, kiongozi wao akainua mkono.

"Koma," alisema Clarrie.

Glenys akasita, akatazama nyuma kana kwamba kuna mtu wa tatu. Akaendelea.

"Koma! Kubwa! Koma!" Mkono wa mzee uliobaki mzima ukapiga sinia, chai ikamwagika hadi kwenye viatu. Macho yalikuwa wazi, na yalikuwa makali. Mtu aliyepotea hakasiriki hivyo kwa ajili ya koma.

"Mama, nafanyaje?" Glenys alinong'ona.

"Zitaje, mwanangu! Zitaje zote! Kama nilivyozitaja mimi!"

Basi akazitaja. Alianza vibaya, akizichanganya, Merle akimwelekeza kutoka nyuma ya bega lake, "hiyo ni nusu, hapo fungua, sasa yowe," na mara mbili mzee alimsahihisha kwa kunguruma. Kisha akashika mwendo. Alimaliza aya moja, akamaliza ya pili. Clarrie akaegemea kiti, macho yakafumba nusu, uso ukatulia.

Glenys akainua kichwa. "Kanyamaza tena. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote," alisema Merle. "Baba yako akinyamaza, hakuna kosa."

Maneno yale yalimtoka bila kufikiri, ni jambo alilolijua kama anavyojua njia ya kwenda dukani. Lakini alimwona binti yake amebaki na kitabu mkononi, mtu mzima wa bima, amekuwa mtoto.

"Na zile insha?" aliuliza Glenys.

"Insha zako? Alizisoma hapo jikoni ulipokuwa umelala. Akizimaliza anazirudia. Angekuta kitu angekwambia, huyu, asingekuacha upumue." Merle naye alikuwa analia sasa, kwa kuona aibu, hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu nyumbani mwake asiyelijua hilo.

Mzee alifumbua macho, akawatazama wote wawili, wanalia, hakuna anayesoma. "Endelea," alisema, kwa taabu, na akanyoosha kidole kwenye ukurasa.

Jumatatu Glenys aliwapigia simu wale watu, akawaambia chumba wampe mwingine, na akatafuta mwanamke wa kuja kumwogesha baba yake. Kila Jumapili alifika Erskineville, akavuta kiti, akasoma. Aliwasoma majambazi wote wa Vern Abnett na manesi wa Bi Thora pamoja na nukta zao, hadi jakaranda zilipochanua mwaka uliofuata na mzee akaenda zake. Merle bado hujivunia jambo hilo mbele ya yeyote atakayekaa kumsikiliza: kwamba mwanawe alimsomea Clarrie miezi yote hiyo ya mwisho, na Clarrie hakumwambia tena hata neno moja.